Bwawa lililogeuka bwiwa

"Kaka, bwiwa ndiyo nini?"

Aliyeuliza ni kijana ninayefanya naye kazi, jioni moja mwishoni mwa 2022, akiwa amefungua faili niliyomtumia. Nikamjibu bila kugeuka kwamba ni kosa la kuandika, soma bwawa. Akanyamaza kidogo, kisha akarudi tena: "Lakini a na i zimekaa mbalimbali kwenye kibodi. Uliteleza vipi?"

Hapo nikageuka.

Kazi yangu ni kuiga mtiririko wa maji kwa kompyuta. Bwawa likijaa kiasi hiki na lango likafunguliwa kiasi kile, maji yatafika wapi, kwa kina gani, baada ya muda gani. Faili ile ilikuwa jedwali refu la maandishi, na neno "bwawa" lilikuwemo maelfu ya mara kwa sababu liliandikwa na programu, mimi sikuligusa. Kote lilikuwa sawasawa isipokuwa mahali pamoja. Na programu haina vidole vya kuteleza.

Tukailinganisha na nakala ya awali, ambayo kwa bahati nilikuwa sijaifuta. Zilitofautiana sehemu mbili tu. Ya kwanza ni hiyo bwiwa. Ya pili ilinikausha koo: kina cha maji kilichokuwa mita 1.42 kimekuwa mita 9.42.

Nikachukua karatasi. Ndani ya kompyuta herufi a ni 01100001, na i ni 01101001. Tarakimu 1 ni 00110001, na 9 ni 00111001. Zitazame kwa utulivu. Kila jozi inatofautiana kwa biti moja, yaani 0 au 1 moja, na ni ileile, ya nne kutoka kulia, ambayo ilikuwa 0 ikawa 1. Kisha nikatazama kila kosa liko baiti ya ngapi tangu mwanzo wa faili, nikaigawanya namba hiyo kwa 8, kwa sababu RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, husomwa kwa mafungu ya biti 64, yaani baiti 8. Baki ikawa 5 kwa yote mawili. Maana yake makosa yote mawili yalipita kwenye njia moja nyembamba kabisa, nywele moja kati ya nywele 64.

Usiku ule niliiacha mashine ikipima kumbukumbu kwa programu ya MemTest86. Asubuhi kulikuwa na mistari myekundu, na kila mmoja ulilalamikia biti ya 43. Hesabu mwenyewe: baiti 5 mara biti 8, ongeza 3, maana kompyuta huanza kuhesabu na 0, na biti ya nne huwa namba 3. Nikavijaribu vijiti vya RAM kimoja kimoja, na cha tatu ndicho kilichokuwa mgonjwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mashine ile nilikuwa nimeizungushia ulinzi wa kila namna. Diski mbili zenye nakala pacha. Mfumo wa faili unaokagua kila fungu la data kabla ya kukupa. Yote hayo hayakusaidia chochote, kwa sababu data iliharibikia kwenye RAM, ikiwa njiani kwenda diskini. Ilipofika kule ilikuwa tayari bwiwa, na diski zangu zikaihifadhi bwiwa kwa uaminifu wote, nakala mbili.

Sasa nieleze ni mashine gani, maana ndipo ulipoanzia mzozo wetu wa ofisini, wa prosesa ya kawaida dhidi ya prosesa ya kazi nzito. Ilikuwa na prosesa ya kawaida ya AMD, Ryzen 9 5950X, na niliiunda mwenyewe 2021. Viini 16, yaani sehemu 16 za kufanya hesabu, RAM gigabaiti 128 katika vijiti vinne, RAM ya kawaida isiyo na ECC, ule ulinzi wa kugundua na kurekebisha biti zilizogeuka. Na niungame: vijiti vile nilivipeleka kwa kasi ya 3200, yaani uhamisho milioni 3200 kwa sekunde, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi, ilhali AMD wenyewe, ukijaza nafasi zote nne kwa vijiti vya aina ile, wanakuhakikishia 2666 tu. Baadaye nilipoirudisha 2666 makosa yalipungua, ila hayakwisha. Kijiti kilikuwa kibovu, na mimi nilikuwa nakichapa mjeledi.

Kwa mwaka mzima kabla ya hapo bosi alikuwa anataka tununue mashine yenye prosesa ya kazi nzito, Threadripper PRO ya AMD au Xeon W ya Intel, na mimi nilikuwa mpinzani wake mkuu. Hoja yangu ilikuwa kwamba silikoni ni ileile. Na kwa kweli ni ileile. Chukua 5950X yangu na Threadripper PRO 5955WX aliyokuwa akiitaka. Zote zina viini 16 vya muundo mmoja wa AMD, Zen 3. Zote zimejengwa kwa vipande viwili vyenye viini 8 kila kimoja, vilivyochapwa kwa teknolojia ileile. Akiba ya ndani ya L3 ni megabaiti 64 kwa zote. Ukikitoa kiini cha hii na cha ile ukaviweka mezani, hutavitofautisha. Tena yangu ndiyo iliyokuwa na kasi ya juu zaidi: gigahezi 4.9 dhidi ya 4.5. Na wakati yangu imepangiwa wati 105, ile imepangiwa wati 280.

Kuna watu bado wanaamini kwamba prosesa ya kazi nzito ni kiumbe tofauti, na imani hiyo ina asili yake. Zamani ilikuwa kweli. Mwaka 1992 kampuni ya DEC ilipotoa prosesa ya Alpha 21064, ya biti 64 na kasi ya hadi megahezi 200, mwenye kompyuta ya kawaida aliringa na prosesa ya 486 ya megahezi 66. Hiyo ilikuwa mbingu na ardhi. Kisha mwishoni mwa 1995 Intel wakaleta Pentium Pro, ambayo kwa kitambo kifupi iliongoza vipimo vya kasi vya SPEC vya hesabu za namba kamili mbele ya wakubwa wote, ingawa kwenye hesabu za desimali Alpha walibaki juu. Mwaka 1998 likaja jina la Xeon la Intel, na 2003 AMD wakaleta Opteron iliyotanua familia ya kompyuta za kawaida kufikia biti 64. Tangu hapo mkubwa na mdogo wamezaliwa tumbo moja. Wanachotofautiana ni nguo na majirani.

Lakini majirani wana uzito wake, na hapo ndipo hoja yangu ilipokuwa na tundu.

Kuiga maji hakumalizwi na kasi ya kiini. Bwawa unaligawa katika visanduku mamilioni, na kwa kila hatua ya muda unasoma kila kisanduku, unafanya hesabu chache nyepesi, unaandika matokeo, unaenda kwa kinachofuata. Viini vinakaa vikisubiri RAM ilete data, kama wapishi kumi na sita wenye visu vikali mbele ya mlango mmoja wa ghala. 5950X ina njia mbili za kumbukumbu. Kwa RAM ya 3200 kila njia hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, jumla 51.2. Kwenye mashine yangu nilishaona kwamba kutoka viini 6 kwenda 16 muda wa kazi ulikuwa haupungui kwa kiasi cha maana. Viini kumi vilikuwa vinapasha moto chumba tu.

5955WX ina njia nane. Mara 25.6, unapata gigabaiti 204.8 kwa sekunde. Bosi alikuwa ameiweka namba hiyo kwenye barua ya maombi, tena kwa wino mzito.

Baada ya aibu ya bwiwa sikuwa na mdomo wa kupinga tena, mashine ikanunuliwa. Nikaifungua, nikajaza vijiti vinane vya ECC, nikaiwasha. Kioo kikabaki cheusi. Nikadhani nimeiua. Mashine hizi huchukua dakika kadhaa kuzoeana na RAM zake kabla ya kuonyesha chochote, na hakuna anayekuonya. Ilipoamka nikapima kasi ya kumbukumbu. Ikatoa karibu gigabaiti 100.

Bosi akasimama nyuma yangu. "Nusu nyingine iko wapi?"

Nilitumia siku tatu kupata jibu, na nalisema hapa ili wewe usizitumie. Vipande vile viwili vya viini haviongei na RAM moja kwa moja. Kila kipande kina mfereji wake kwenda kwenye kipande cha katikati kinachosimamia njia za kumbukumbu, na mfereji huo husoma baiti 32 kwa kila mdundo wa saa. Kwa megahezi 1600 ni gigabaiti 51.2 kwa kipande. Vipande viwili, 102.4. Basi. Unaweza kuwa na njia nane nje ya mlango, lakini milango ni miwili. Ndugu yake mkubwa, 5975WX, ana viini 32 katika vipande vinne, kwa hiyo mifereji minne, na huyo ndiye anayeweza kuzinywa njia zote nane. Namba zote kwenye boksi zilikuwa za kweli, ila aliyezipanga hakuwa na haraka ya kuzikutanisha.

Hata hivyo gigabaiti 100 ni mara mbili ya 50, na kazi ya maji ilienda karibu mara mbili ya kasi ya mashine yangu. Hilo silibishi. Lakini hatua ya kuchora wavu wa visanduku, ambayo programu yetu huifanya kwa kiini kimoja tu, 5950X iliwahi kumaliza kila mara. Kufungua faili, kuchora grafu, kujaribu kijiprogramu kidogo cha kusafisha data, kote huko ile ya kawaida ilikuwa nyepesi mkononi. Kijana wangu alikuwa akitayarisha kazi kwenye yangu halafu anaipeleka kwenye kubwa kwenda kuteseka. Kwa watu wa kuhariri video au kukompaili programu, yaani kuzigeuza ziwe lugha ya mashine, mizani inaweza kulala upande mwingine kabisa. Usinunue kabla hujajua kazi yako inasubiri nini.

Turudi kwenye kuaminika, maana mwendo ni jambo la saa chache, ila bwiwa ingeweza kutuharibia jina.

RAM ya ECC hubeba biti 8 za ziada kwa kila 64, jumla 72. Kwa biti hizo nane msimamizi wa kumbukumbu anaweza kujua biti moja imegeuka, kujua ni ipi, kuirudisha, na kuandika kwenye logi, yaani daftari la matukio la mashine, kwamba nimeirudisha. Zikigeuka mbili hawezi kurekebisha, lakini anajua, na anaisimamisha kazi kabla uongo haujasafiri. Laiti kijiti changu cha tatu kingekuwa na ECC, ningesoma malalamiko ya biti ya 43 kwenye logi wiki nyingi kabla, na bwawa lingebaki bwawa.

Na biti kugeuka si ajabu ya kupigwa radi. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza seva za Google walichapisha kwamba kwa mwaka karibu theluthi moja ya mashine, na zaidi ya asilimia 8 ya vijiti, vilipata angalau kosa moja lililorekebishwa. Hizo ni mashine zenye ECC, ndiyo maana makosa yaliweza kuhesabiwa. Zisizo nayo hazihesabu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na RAM ya kawaida ndiye mficha maradhi mwenyewe.

Wengi wataniambia DDR5, kizazi kipya cha RAM, imeshamaliza tatizo hili. Hapana. ECC iliyomo ndani ya chipu za DDR5 hurekebisha makosa humo humo ndani, kimyakimya. Hailindi safari kutoka kijitini hadi kwenye prosesa, na haikuambii lolote. Ulinzi kamili bado unahitaji vijiti vyenye chipu za ziada.

Kinachokera ni kwamba ulinzi huu haukuwahi kuwa wa lazima uuzwe pamoja na prosesa kubwa. Kwa miaka mingi Intel waliuweka zaidi upande wa Xeon, na Januari 2021 Linus Torvalds, baba wa Linux, aliwasema hadharani kwa ukali kwa sababu hiyo. Oktoba 2022, miezi ileile ya bwiwa yangu, kijiti kikamfia yeye mwenyewe kwenye mashine yake kubwa ya Threadripper isiyo na ECC, katikati ya wiki zenye kazi nyingi kuliko zote, akalazimika kukompaili kwenye laptopu akisubiri vijiti vya ECC vifike. Sikufurahia, lakini nilijisikia si peke yangu.

Kwa upande wa AMD, Ryzen nyingi za mezani zisizo na grafiki ya ndani zinaikubali ECC ilimradi madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, nayo imeiruhusu. 5950X yangu ni mojawapo. Yaani dawa ilikuwa mfukoni mwangu tangu 2021, nilichokosa ni kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha madabodi.

Ila ECC nayo ina mipaka, na wauzaji wa mashine kubwa hawapendi kuitaja. Inalinda kumbukumbu tu. Kiini chenyewe kikiumwa, haioni. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, zile kubwa za mezani, zilivuma kwa kuanguka ovyo. Chanzo kilikuja kuelezwa kuwa volteji iliyopanda kupita kiasi na kuchakaza taratibu sakiti za saa ndani ya kiini. Michezo ikadai kumbukumbu ya video imekwisha wakati haijaisha, kufungua faili zilizobanwa kukashindikana. Walioziweka kwenye madabodi za daraja la kazi nzito, na ECC juu, nao waliumia vilevile. Intel wakatoa marekebisho ya maikrokodi, programu ya ndani ya prosesa, mwezi Agosti na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Hapo ndipo nilipoanza kuziheshimu zile gigahezi 4.5 za 5955WX. Prosesa isiyosukumwa hadi ukingoni ina nafasi ya kuzeeka.

Na usidhani ukinunua ya seva umekwepa. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa ninachokipenda sana. Kwenye mashine moja, faili zilikuwa zikipotea baada ya kufunguliwa kutoka kwenye hali ya kubanwa. Walipofuatilia wakakuta kiini kimoja tu, namba 59, ambacho ukikipa 1.1 kwa kipeo cha 53 na kukata desimali, kinakujibu 0. Jibu sahihi ni 156. Ukikipa kipeo cha 52 kinajibu 142, sahihi kabisa. Ukubwa wa faili ukihesabiwa kuwa 0, faili haiandikwi. Hakuna taa iliyowaka, hakuna logi iliyolalamika. Watafiti wa Google mwaka huohuo walisema viini vya namna hiyo wanavikuta vichache kwa kila maelfu kadhaa ya mashine.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Modeli yoyote ambayo mtu ataitegemea kuamua ukuta uwe na kimo gani, inaendeshwa mara mbili: kwenye mashine kubwa ya ofisini na kwenye 5950X yangu, ambayo siku hizi ina vijiti vinne vya ECC na inakwenda kwa 2666 bila kiburi. Matokeo hayalingani hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu kujumlisha namba za desimali kwa mpangilio tofauti huleta tofauti ndogo, na viini 16 havijumlishi kwa foleni. Nalinganisha tarakimu sita za mwanzo. Kila faili inapigwa alama ya ukaguzi kabla ya kuhamishwa na baada ya kufika. Bosi alipendekeza mashine kubwa ya pili, nikamwambia hapana. Ya kawaida ikifa, naikuta nyingine kesho. Ile kubwa madabodi yake ikifa tutasubiri wiki, na kuna watengenezaji wanaoifunga prosesa ya aina hii kwenye bodi zao, usiweze kuihamishia ya kampuni nyingine. Safari hii alinisikiliza.

Kijana alibandika karatasi juu ya mashine kubwa, ameandika BWIWA kwa herufi kubwa. Nimeiacha.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya barua pepe, nasoma kaunta ya makosa yaliyorekebishwa kwenye mashine zote mbili. Kwenye yangu bado ni 0. Kwenye ile kubwa ilikuwa 0 tangu siku tulipoiwasha, hadi Jumatatu iliyopita, ilipoonyesha 1. Kijiti cha sita. Nimeandika tarehe kwenye daftari. Ikifika 2 kwa kijiti hichohicho, nakitoa.